Bolti Iliyokaza Mchanga

Assalaam alaykum, jamaa zangu. Nanyi mnaosali Jumapili, amani iwe kwenu pia. Namshukuru mwenyekiti kwa nafasi hii. Ameniambia nizungumze mpaka birika la chai lianze kutoa mvuke, basi. Nitajitahidi, ingawa mzee akishapewa kipaza sauti, ndugu zangu, mnajua wenyewe.

Chama chetu hiki cha akiba ni cha watu wa vyuma: waendesha matrekta, wenye misumeno ya injini, wanoaji, mafundi wa gereji. Habari za pesa mtaambiwa na mweka hazina, naye sura yake inafaa kwa kazi hiyo. Mimi nimeombwa nieleze nilivyoanguka na nilivyoinuliwa. Majina sitayataja. Wengine wametangulia mbele ya haki, wengine wana wajukuu humu ndani, na mmoja ameketi pale mstari wa mbele na bakora yake, ananitazama kama hakimu. Huyo akitaka kujitaja, mdomo anao.

Mmemsikia? Anasema, "Endelea tu, nitakusahihisha." Haya.

Habari yenyewe ni hii. Kwa sababu ya bolti moja ambayo sikuikaza mara ya pili, mwenzangu alivunjika mguu, na bibi mmoja mjane nusura afukuzwe nyumbani kwake kwa jina la uchawi. Naisema mapema ili mnisikilize mkijua mnamsikiliza nani.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, hoteli zilipoanza kujengwa Diani. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Siku hizi si kitu, lakini huku kwetu upande wa Msambweni wakati ule mama yangu alikuwa akiitaja habari hiyo kwa mgeni kabla hajamkaribisha maji. Mkandarasi mmoja kutoka Mombasa alipata kazi ya kusafisha viwanja, na akaleta mashine ambayo hakuna aliyewahi kuiona: mashine ya kusaga visiki. Ilivutwa na trekta. Mbele ilikuwa na gurudumu la chuma lililosimama wima, na pembezoni mwa gurudumu lile yalifungwa meno, kila jino kwa bolti zake. Gurudumu likizunguka, unalishusha juu ya kisiki, unalipeleka kushoto na kulia polepole, nacho kisiki kinageuka vumbi la mbao mpaka chini ya ardhi.

Watu waliipa jina siku ile ile. Waliiita Fisi. Mnyama gani mwingine anatafuna mfupa usiku kucha bila kutema? Na ukelele wake ulipolikamata gogo la mwembe, wallahi, ulikuwa kicheko cha fisi hasa. Watoto walikuwa wakikimbia nyuma ya trela wakiimba, "Fisi kaja, ficheni visiki!"

Mashine ilikuja na kitabu cha Kiingereza. Nilikisoma, nikawaeleza wenzangu, na mkandarasi akanipa kiti cha mwendeshaji. Nilivaa kofia ya ukili niliyoiinamisha upande mmoja.

Anasema huyu wa bakora, "Waambie na ile miwani ya jua." Ndiyo, nilikuwa na miwani ya jua pia. Niliazima.

Sasa ninyi vijana wa misumeno, nisikilizeni vizuri hapa, maana hii ndiyo kazi yenyewe. Meno ya Fisi yalikuwa na ncha ya chuma kigumu sana iliyochomelewa juu ya chuma cha kawaida. Mti hauyaumizi. Kinachoyaumiza ni jiwe, na sisi wa pwani ya kusini tunalima juu ya mwamba wa matumbawe. Ukichimba kidogo, jiwe. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nikiyapitia kwa kidole, jino moja moja. Lililobutuka lilitoka. Lililomeguka lilitoka, na lile lililolikabili ng'ambo ya pili ya gurudumu lilitoka pamoja nalo, ili uzito uwe sawa, la sivyo gurudumu litatetema na kupasua beringi zake. Ukiona moshi na kisiki kinaungua badala ya kusagika, usilaumu kisiki. Meno hayo.

Kubadilisha jino kulikuwa na utaratibu wake. Unazima injini. Unachomoa waya wa plagi. Unatia kabari ya mti kwenye gurudumu lisizunguke. Unatoa jino bovu, kisha unasafisha kwa brashi ya waya mahali linapokaa jino, sisi tulipaita kitini. Unaweka jino jipya, unakaza. Kisha unawasha, unasaga kidogo, unazima tena, na unakaza mara ya pili, kwa sababu jino jipya likishaonja kazi hujipangia mahali pake, na bolti iliyokuwa imekaza huwa imelegea. Kitabu kilisema hivyo. Nami niliwafundisha wenzangu kwa wimbo: "Safisha, kaza, zungusha, kaza tena!" Mwenzangu wa reki, mtu wa Majoreni, kazi yake ilikuwa kuondoa vumbi la mbao mbele ya mashine. Alikuwa akiitikia wimbo ule huku akicheza na reki kama mwanamke kwenye ngoma ya msondo. Tulikuwa marafiki. Tulikula sahani moja.

Basi tukafika kwenye kisiki cha mkwaju.

Njia ya kuingilia hoteli moja ilipangwa kupita pembeni mwa shamba la bibi mmoja, mjane, msusi wa makuti. Mwenyewe alikuwa amekubali. Mkwaju wake ulishakatwa, kilibaki kisiki kipana kama meza ya harusi. Asubuhi tulipofika, alikuja na leso yake begani, amesimama mbali kidogo na mashine.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nimekuja kwa neno moja. Chini ya mkwaju huo marehemu mume wangu alizika fingo lake la shamba. Nimemtuma mtu kumwita mzee anayejua kulitoa. Ningojeeni mpaka adhuhuri."

Kwa vijana wasiojua: fingo ni kinga inayozikwa shambani, aghalabu ndani ya chungu kidogo, ili mwizi wa nazi asiingie. Wazee wetu walikuwa nazo. Haikuwa habari ya ajabu. Lakini watu walikuwa wamekusanyika kumtazama Fisi akila mkwaju, na mimi nilikuwa na miwani yangu ya jua.

"Bibi," nikamwambia kwa sauti ya kusikiwa na wote, "mashine hii imetoka Ulaya. Haijui Kidigo."

Watu wakaangua kicheko. Yule bibi hakukasirika.

"Haidhuru, baba. Sikusema litawadhuru. Nimesema ningojeeni tu, ni adabu. Adabu haina hasara."

Sikungoja. Nikawasha.

Kisiki kile kilikuwa kigumu kama dhambi zangu. Tulisaga mpaka jua likapanda, na robo ya upande mmoja ikaisha. Kisha tukasikia mlio mkavu, gurudumu likaanza kutetema. Nikazima. Jino lilikuwa limegonga mwamba na ncha yake imemeguka. Kitu cha kawaida kabisa, kilitutokea kila mara. Lakini watazamaji walianza kunong'ona, na kijana mmoja muuza samaki, mcheshi wa mtaa, akapaza sauti: "Fingo limemng'oa Fisi jino!"

Wote wakacheka, na safari hii walinicheka mimi.

Nikatia kabari, nikatoa jino bovu na mwenzake wa ng'ambo. Ndugu zangu, mnaujua mchanga wetu wa Diani. Mweupe, laini kama unga wa ngano. Ulikuwa umejaa kitini. Brashi ya waya ilikuwa kwenye trela, hatua chache tu. Sikuifuata. Nilipangusa kwa kidole, nikaweka meno mapya, nikakaza kwa haraka. Bolti ilikaza, spana ikagoma, nikaridhika. Lakini bolti ile ilikaza mchanga. Haikukaza chuma.

Nikawasha, nikasaga kidogo. Ukafika wakati wa kuzima na kukaza tena. Mwenzangu wa reki alijua. Akanitazama, akaanza wimbo wetu kwa utani: "Safisha, kaza, zungusha..." Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye swichi. Hapo hapo muuza samaki akasema, "Mtazameni, anataka kuzima tena! Fisi anaogopa fingo!"

Nikautoa mkono kwenye swichi.

Ndiyo hivyo tu. Sikuwa mlevi, sikuwa mgonjwa, mkandarasi hakuwa akinisukuma. Niliogopa watu watasema msomi wa kidato cha nne ameogopa chungu cha bibi kizee. Nikalishusha gurudumu. Halikuchukua muda. Mchanga ulisagika, bolti ikalegea, jino likaruka na kumpiga mwenzangu chini ya goti.

Sitaeleza mguu ulivyokuwa. Mwenyewe yuko hapa, na kuna watu watakula baada ya hapa.

Tulimbeba kwenye trela mpaka barabarani, akapelekwa hospitali. Msimamizi wetu akaja, akaniuliza, "Imekuwaje?" Nikamjibu, "Jino limegonga kitu huko chini."

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: mimi sikusema fingo. Nilisema kitu. Neno hilo moja lilitosha. Kabla sijalimaliza, muuza samaki alishalijazia, na kabla ya alasiri habari ilikuwa imefika Ukunda kwamba fingo la bibi fulani limemvunja mtu mguu. Kesho yake halikuwa tena fingo la marehemu mume wake. Lilikuwa lake. Kesho kutwa ikasemwa alilizika mwenyewe usiku wa kuamkia siku ile.

Sasa sikilizeni jinsi mtu anavyofukuzwa bila kuguswa. Alikuwa akiuza makuti kwa wajenzi, na makuti yake yalikuwa ya kusifika, yamesukwa karibu karibu, hayapitishi mvua. Wajenzi wakaacha kuja. Nani aezekee nyumba yake kuti la mchawi? Kisimani wanawake walikuwa wakijitwika ndoo hazijajaa, wanaondoka, wanamwachia kamba. Mtoto wa jirani aliyekuwa akimletea moto asubuhi akakatazwa. Makuti yakarundikana uani kwake mpaka yakaanza kuota ukungu.

Mimi niliyaona hayo yote, kwa sababu njia yangu ya kwenda mangweni ilipita mlangoni kwake. Ndiyo, nilianza kwenda mangweni kunywa tembo la mnazi, mimi mtoto wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Mkandarasi alikuwa amesimamisha kazi mpaka mambo yatulie. Nilikuwa nikipita pale, naye ameketi kizingitini anasuka makuti yasiyo na mnunuzi, ananiamkia yeye kwanza: "Hujambo, mwanangu? Mwenzio anaendeleaje na mguu?" Nami nilikuwa nikijibu, "Ahueni, bibi," na kukaza mwendo. Hakuwahi kuniuliza lolote jingine.

Mangweni walinitukuza. "Mnywesheni msomi, ameponea chupuchupu!" Kila mmoja alitaka nisimulie. Sikusimulia. Nilikuwa nikitikisa kichwa tu, nao wakaona kutikisa kichwa ndiko kusimulia kwenyewe.

Vijana wa mtaa wakaenda kwa mzee wa mtaa wakataka baraza. Walitaka bibi yule aamriwe kuondoka, arudi kwa jamaa zake Vanga, na nyumba yake ivunjwe ili ardhi isafishwe. Mzee wa mtaa alikuwa mtu mwema lakini mwoga kama wengi wetu. Akakubali baraza likae.

Siku moja kabla ya baraza, mwenzangu alirudi kutoka hospitali kwa magongo. Nilikwenda kumwamkia kwa shingo upande. Nilimkuta ameketi kwenye kitanda cha kamba, mguu umefungwa, dada yake anampepea. Tulizungumza habari za ndizi za hospitali. Kisha akamtuma dada yake maji, na aliponyanyuka tu, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Kaka, ulikaza mara ya pili?"

Nikalichukua pepeo la dada yake, nikampepea mimi.

"Nakuuliza kwa sababu wimbo niliuanza mimi," akasema. "Sikusikia mwisho wake."

Nikaangalia miguu yangu. Miguu yangu mizima.

"Basi, nimejua," akasema. "Sikiliza. Sitakusemea. Mguu ni wangu, na mimi nimeshakusamehe, ingawa ningekuwa na nguvu ningekupiga gongo moja kwanza. Lakini nyumba ya yule bibi si yangu. Siwezi kuisamehe kwa niaba yake."

Dada yake akarudi na maji. Nilikunywa kikombe chote, nikaaga.

Jamaa zangu, baraza lile lilikaa uwanjani mbele ya duka, watu wamejaa mpaka juu ya ukuta. Bibi aliketishwa peke yake kwenye mkeka, upande. Katikati kulikuwa na kibao cha mbuzi, cha kukunia nazi, kimegeuzwa, na juu yake kifuu cha nazi kimefunikwa. Chini ya kifuu kulikuwa na lile jino. Vijana walikuwa wameliokota kwa koleo, wakalifunika, na hakuna aliyethubutu kuligusa kwa mkono. Walikuwa wamelinyunyizia majivu.

Muuza samaki alisema kwa ufasaha sana. Wengine wakasema. Bibi alipoulizwa akajibu tu, "Mimi niliomba wangoje. Zaidi ya hapo sina." Kisha mzee wa mtaa akaniita. "Wewe msomi ndiwe uliyekuwa kwenye mashine. Tuambie ulichokiona, tumalize."

Nilisimama. Nilimwona mwenzangu pembeni, ameegemea magongo, hanitazami. Anatazama makuti ya paa la duka. Nilitembea mpaka kwenye kibao cha mbuzi, nikakifunua kifuu, nikalichukua jino kwa mkono wangu. Wanawake wakaguta. Mtu mmoja akasema, "Lahaula!"

Nikasema, "Nipeni nafasi. Jino likigonga jiwe au chungu au chuma, huvunjika hapa, kwenye ncha. Njoni mtazame. Ncha hii ni nzima, mpya, haina hata alama. Jino hili halikugonga kitu. Limechomoka kwa miguu yake." Nikaligeuza. "Hapa nyuma, panapokaa, mnaona mikwaruzo hii midogo midogo? Ni mchanga. Nilifunga jino juu ya mchanga kwa sababu sikufuata brashi. Na sikuzima kukaza tena kwa sababu mlikuwa mnanicheka, nami niliogopa kuchekwa. Hakuna fingo hapa. Aliyemvunja mwenzangu mguu ni mimi. Na tangu siku ile nimemwacha bibi huyu abebe mzigo wangu."

Yule bibi akainua kichwa kwenye mkeka wake, akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia kuku wake:

"Kwa hiyo, baba, fingo langu bado lipo?"

Mtu mmoja ukutani akacheka. Kisha mwingine. Kisha baraza zima lilicheka, hata mzee wa mtaa, kicheko cha watu waliotuliwa gunia kichwani. Bibi mwenyewe hakuona cha kuchekesha. Alikuwa anataka kujua.

Msifikiri yaliisha kwa kicheko. Mjomba wa mwenzangu alinijia pale pale na kunizaba kofi ambalo mpaka leo nikipigwa na upepo wa kusi nalisikia sikioni. Nilistahili. Mkandarasi alinifukuza kazi, naye alikuwa na haki. Fisi alipelekwa kwingine na mwendeshaji mwingine. Baba yangu alikaa kimya nami kwa muda mrefu. Mtaani nilikuwa nikipita, watu wanaimba ule wimbo wangu, "safisha, kaza," halafu wanakatiza. Nilirudi mangweni, na safari hii sikunyweshwa na mtu, nilikunywa kwa kukopa.

Aliyekuja kunitoa si imamu wala mzazi. Ni yule bibi. Alikuja mchana kweupe, akasimama kwenye mlango wa mangwe, mahali ambapo mwanamke wa heshima yake hakanyagi, akasema, "Namtafuta mwanangu wa mashine." Nikatoka.

"Kisiki changu umekiacha nusu," akaniambia. "Hakipendezi, kinanikwaza kila nikipita. Njoo ukitoe."

"Bibi, mashine imeondoka."

"Kwani mkwaju ulipandwa kwa mashine?"

Nilikwenda. Kwa shoka, sururu na mtaimbo. Siku ya kwanza mikono ilitoka malengelenge yote. Yeye alikuwa ameketi kizingitini anasuka makuti yake, na wajenzi walikuwa wameanza kurudi mmoja mmoja, kwa aibu, wanaulizia bei kana kwamba hawakuwahi kukosa. Hakumkumbusha hata mmoja. Adhuhuri alinipa wali na papa wa kukaanga. Nami nilikuwa sijawahi kula chakula kitamu kama kile, kwa sababu nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kustahili chakula cha mtu.

Kisha mwenzangu akaja kwa magongo. Sikuwa nimemwita. Akaketi kwenye jiwe, akatazama nilivyokuwa nikipiga shoka, akatoa mlio wa dharau.

"Hilo shoka unakatia au unasagia karanga? Lete hapa."

Akalitia makali kwa jiwe la kunolea. Kesho yake akaja tena na tupa. Ndugu zangu, mkono wake ulikuwa na subira ambayo wangu haukuwa nayo. Watu wakipita njiani wakaona, wakaanza kumletea mapanga, kisha majembe, kisha misumeno ya maseremala. Mimi nilichimba, yeye alinoa, na jioni tulikula sahani moja kama zamani. Kisiki kilipokwisha, tulikuwa na wateja. Tukasogea Ukunda, tukajenga kibanda cha makuti, na makuti mnajua tulinunua kwa nani. Baadaye hata yule mkandarasi aliyenifukuza akatuletea meno ya mashine yake tuyachomelee ncha mpya na kuyatia makali. Alinikuta nimeshika brashi ya waya. Alitabasamu. Kibanda kile ndicho kilichozaa hiki chama mnachokaa ndani yake leo.

Nanyi mtauliza fingo. Mzee anayejua alikuja na kulitoa kwa adabu zake, sisi tumegeuza migongo. Lilikuwa zima. Lilikuwa mbali na pale Fisi alipofika, upande mwingine kabisa wa shina. Bibi alilizika tena karibu na mlango wake, na hakuna aliyemwuliza.

Kwa hiyo nina shukrani. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniachia muda. Namshukuru mjomba wa kofi, Mungu amrehemu, kwa sababu alinipiga mara moja na baada ya hapo alinisalimia. Namshukuru mke wangu, aliyekubali kuolewa na mtu aliyekuwa akiimbwa njiani. Namshukuru huyu wa bakora, ambaye amenichechemea maisha yake yote bila kunihesabia. Usifute macho, mzee mwenzangu, watakuona. Sasa anasema ni moshi wa chai. Haya, ni moshi wa chai.

Kwenu vijana nina neno moja. Ukibadilisha jino, zima, ukakaze tena. Ukisikia watu wanacheka nyuma yako, zima, ukakaze tena. Kicheko cha watu hudumu mpaka wapate chai. Goti la mtu ni la maisha.

Namalizia. Kisiki kilipotoka, lilibaki shimo kubwa. Bibi alileta mche wa mnazi, akaniambia nipande mimi. Nikapanda, nikafukia, nikashindilia kwa mguu, nikaenda zangu nikijua nimemaliza. Mvua ya kwanza iliponyesha, akatuma mtu Ukunda kuniita. Nilikwenda mbio nikidhani ni mgonjwa. Nilimkuta amesimama kando ya mche, leso begani, anausukuma kwa kidole. Ulikuwa unayumba.

"Udongo umekaa," akaniambia. "Barazani ulisema mara ya pili. Haya, shindilia."

Nikashindilia. Yule bibi aliishi nyumbani kwake mpaka alipofariki, na amezikwa pale pale shambani. Na madafu mliyokunywa mlipoingia hapa, wajukuu zake wameyaangua leo asubuhi kwenye mnazi ule.

Birika linatoa mvuke. Nimemaliza.